Kahawa ya Shosho, Figo ya Muchiri

Sista mmoja wa chumba cha mashine za kusafisha damu, pale hospitalini Nakuru, ndiye aliyeniambia niandike. Alisema siku hizi wanaletewa vijana wenye mapaja yaliyovimba na mkojo mweusi, na wanakaa kwenye lile benchi la kijani kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. "Wewe huongei, Karanja," alisema. "Basi andika." Niliishia darasa la nane na kalamu yangu inatembea polepole. Lakini kama umekaa kwenye benchi hilo leo, soma hii ukingoja jina lako. Sitakueleza figo zinafanya kazi vipi, hata mimi sijui vizuri. Nitakueleza vile nilikaa.

Lazima nianze na ndugu yangu, kwa sababu ugonjwa huu ulianzia kwake kabla haujafika kwenye mwili wangu.

Muchiri ni mdogo wangu, lakini ni mrefu kunishinda, na akiingia mahali watu wanasogea ili akae. Mimi nikiingia watu wanaendelea na mazungumzo. Sote wawili tunafanya kazi ya mjengo huku Kiamunyi, karibu na Nakuru, tunabeba konkriti. Forman anamwita Muchiri kwa jina. Mimi ananiita "yule ndugu ya Muchiri", na mimi ndiye niliyeanza kazi pale na nikamleta.

Mahali pekee nilipokuwa mbele yake ni jim. Usifikirie jim ya vioo. Ni kibanda cha mabati nyuma ya buchari, na vyuma vyetu ni mikebe ya rangi tuliyojaza konkriti iliyobaki mjengoni, imeshikanishwa kwa paipu ya maji. Kocha wetu anaitwa Baraka, mtu mfupi mwenye mabega kama ya ng'ombe dume. Pale ndani hakuna kuongea sana, na hilo lilinifaa. Unaweka paipu mabegani, unachuchumaa, unainuka. Nilikuwa nainuka na mikebe ambayo Muchiri hakuiweza, naye alikuwa akikubali bila shida. Alikuwa akiwaambia wengine, "Muulizeni huyu, mimi bado natambaa." Hata kushindwa alikuwa anashindwa vizuri.

Kisha ikaja kanuni ya Kocha. Ukishabeba vizito kwa wiki kadhaa, unapumzika wiki moja nzima, hugusi chuma. Muchiri aliipenda. Alikuwa akienda Kabazi kwa Shosho, nyanya yetu, analala mpaka jua linaingia kwenye blanketi, anakula mukimo wa viazi na mahindi, anarudi na mashavu. Na akirudi, anabeba mikebe niliyokuwa nabeba mimi, na anaongeza mwingine mdogo juu yake. Watu wanapiga makofi.

Mimi sikuelewa. Mtu analala, na akiamka amenipita. Niliona kama ameniibia kitu nikiwa macho.

Nilichokielewa mimi ni siku ya slabu. Kama hujawahi kufanya mjengo, siku ya slabu ni siku ya kumwaga konkriti ya sakafu ya juu, na siku hiyo hakuna mtu anakaa. Ukisimama katikati ukaendelea kesho, pale uliposimama panabaki mstari, na siku moja patapasuka. Kwa hivyo tunapandisha makarai ya konkriti ngazini tangu asubuhi hadi kazi iishe, tunaimba, tunatukanana, hatusimami. Nilidhani mwili ni slabu. Nilidhani wiki ya Muchiri huko Kabazi ni ule mstari, na kwamba siku moja atapasuka, nami nitakuwa nimesimama mzima.

"Karanja, wewe wiki hii pumzika," Kocha aliniambia jioni moja. "Macho yako yamekuwa kama ya mlevi wa changaa."

"Niko sawa."

"Hauko sawa, boss. Mikono inatetemeka."

"Ni baridi," nikasema. Ilikuwa Januari ya jua kali, na vumbi la Kiamunyi lilikuwa limejaa mpaka kwenye meno.

Vijana walicheka. Muchiri naye alicheka, halafu akaniangalia na akaacha.

Sasa nije kwa kahawa. Kule jim kulikuwa na kijana aliyesema kwamba mabingwa hunywa kahawa kabla ya vyuma, na uchovu unapotea. Shosho ana miti michache ya kahawa kule Kabazi. Lakini kwetu kahawa ni kitu cha kuchuma na kupeleka kiwandani. Kunywa, tunakunywa chai ya maziwa. Sijawahi kuona mtu wa ukoo wetu akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Shosho alikuwa na gunia dogo nyuma ya mlango, zile mbuni, punje za kahawa zilizokataliwa kiwandani. Nilipomwomba alishangaa.

"Unaenda kupanda huko Kiamunyi?"

"Naenda kukunywa, Shosho."

"Kukunywa! Kwani majani chai yameisha Nakuru?"

Nilizikaanga kwenye sufuria mpaka zikawa nyeusi, nikazitwanga, kisha nikapika vile tunapika chai. Maji kwenye sufuria, konzi baada ya konzi, na kuacha ichemke nikienda kuoga. Nikirudi ilikuwa nzito, ukiitikisa inashika ukingo wa kikombe. Hakuna mtu nyumbani aliyeniambia ni nyingi, kwa sababu hakuna aliyejua nyingi ni gani. Mama alisema tu kwamba inanukia vizuri. Nilikunywa kikombe kikubwa kabla ya kazi, na kingine kabla ya jim. Baadaye nikaanza kubeba kwa chupa ya chai, nikaacha kubeba maji.

Uchovu ulipotea kweli. Usingizi nao ulipotea. Moyo ulikuwa unagonga kama mtu wa kudai kodi. Lakini wakati wa Muchiri kwenda Kabazi kwa wiki yake ulipofika, mimi nilibaki na kibanda chote, na nilikuwa naongeza mikebe.

Jumamosi ile tulikuwa na slabu. Jua lilikuwa kali, na nilipanda ngazi na karai kichwani tangu asubuhi nikiwa na kahawa peke yake tumboni. Nilijua Muchiri anarudi jioni hiyo na atapitia jim moja kwa moja. Nilitaka akifungua mlango anikute na mzigo ambao hataufikia hata alale Kabazi mwaka mzima. Nilimaliza chupa, nikaweka paipu mabegani, nikachuchumaa. Nikainuka. Nikarudia. Kocha alisema imetosha. Nikarudia. Mlango ukafunguka, na nilisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Wee! Wee! Mnaona huyo? Huyo ni ndugu yangu, bana!"

Alipiga makofi kuliko wote. Nilikuwa nataka anyamaze, aone uchungu kidogo. Niliendelea kuchuchumaa nikingoja anyamaze.

Asubuhi yake sikuweza kushuka kitandani. Mapaja yalikuwa yamevimba mpaka yanang'aa, na magoti hayakukunja. Muchiri ndiye aliyenivalisha suruali, akicheka, "Mzee wa kanisa, inua mguu." Nilikuwa nimezoea kuumwa baada ya vyuma, kwa hivyo Mama alinikanda na maji moto ya chumvi, na nikalala.

Kisha nikaenda choo, na mkojo ukatoka na rangi ya kahawa ya Shosho.

Ukisoma hii na husikii lingine, sikia hili. Sikuogopa. Nilidhani ni kahawa inatoka vile iliingia. Kwetu hakuna aliyewahi kukunywa kahawa, ningemuuliza nani? Nikaona ni kawaida, nikanyamaza, na nikanyamaza tena siku iliyofuata, mkojo ukizidi kuwa mchache na mweusi. Halafu ukakoma. Nilianza kutapika, na uso ukavimba mpaka Mama akaita jina langu mara mbili kama anauliza kama ni mimi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi siku nzima. Daktari alinibonyeza paja kwa kidole, akauliza nimefanya nini, na Muchiri akajibu badala yangu. Daktari alisema misuli imevunjikavunjika na takataka zake zimeziba figo. Zimelala, alisema. Zinaweza kuamka, na zinaweza kukataa. Waliniwekea mpira wa kupitishia damu shingoni na kunifunga kwenye mashine inayosafisha damu. Mama alifunga kibanda chake cha mboga ili akae nami, na mboga zikaharibikia ndani.

Baada ya kutoka wodini nilikuwa narudi kwenye mashine kila Jumanne na Ijumaa. Hapo ndipo nilipojifunza wivu ambao sikujua upo. Nilimwonea wivu kila mtu anayekojoa. Unacheka, lakini ngoja. Choo cha wanaume kiko karibu na benchi la kijani, na mlango wake haufungi vizuri. Unamsikia mtu anaingia, anasimama, na maji yanashuka kwa nguvu, anapiga mluzi. Anatoka akifunga zipu, hajui ana nini. Nilikuwa nawachukia wale wa mluzi.

Jirani yangu kwenye mashine alikuwa Mzee Kiplagat, mfugaji wa upande wa Rongai, ambaye amezoea kiti kile kama kiti cha nyumbani kwake.

"Kijana, wewe ulikuwa unabeba nini?" aliniuliza siku ya kwanza. "Mlima Longonot?"

"Konkriti, mzee."

"Na nani alikutuma?"

Niliangalia damu yangu ikipita kwenye mpira. Mzee akaangalia mlangoni, ambako Muchiri alikuwa anachekesha masista wawili kwa pamoja.

"Yule ni ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu."

"Aa," akasema mzee, na akavuta blanketi. Baadaye aliigawa blanketi hiyo, upande mmoja ukanifunika miguu, kwa sababu damu ikizunguka nje ya mwili unasikia baridi ya ajabu. Hakuniuliza tena. Hilo lilinisaidia kuliko maneno mengi niliyoambiwa miezi ile.

Nyumbani maji yangu yalipimwa kwa kikombe kidogo cha plastiki, kwa sababu yakiingia hayakuwa na pa kutokea. Mvua ndefu zilianza, na zilinyesha mwaka huo kama zimetumwa kunitesa. Mabati yanalia, tangi linafurika, maji yanapita mlangoni, nami nimekaa na ulimi mkavu nikiangalia. Viazi, ambavyo nimekula maisha yangu yote, Mama alivikata vipande vidogo, akavichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena, vile sista alimwagiza. Havikuwa na ladha ya kitu. Ndizi sikuruhusiwa, wala avokado. Mwili wangu ulikuwa unaisha. Yale mapaja ya kung'aa yalikauka mpaka suruali ikawa inashikwa na kamba, na mdomoni nilikuwa nasikia kama nimenyonya msumari.

Niliona kwamba Muchiri hakunywi maji tena nyumbani. Siku moja nilimwona kwa dirisha, amesimama kwenye bomba la getini, mvua inamnyeshea, anakunywa kwa kiganja haraka haraka kisha anafuta mdomo. Alikuwa anajificha ili nisione. Ningepaswa kufurahi, mtu mwingine angefurahi. Mimi niliwaza kwamba hata kwa huruma amenishinda.

Kisha daktari akatuita sote watatu. Alisema tutangoja mpaka mvua ziishe. Kama figo hazijaamka wakati huo, itabidi tuzungumze kuhusu mtu wa kunipa moja. Mama alifungua mdomo, lakini Muchiri alikuwa ameshasema.

"Achukue yangu."

Alisema vile mtu anasema, "chukua kiti changu". Daktari alieleza kwamba kwanza kuna vipimo, na kwamba si lazima aamue leo. Muchiri akasema ameamua. Kuanzia siku hiyo aliacha vyuma kabisa. Aliacha hata kubeba karai, akaomba forman kazi ya kumwagilia slabu maji, ili mwili wake uwe mzima siku ukihitajika.

Habari ilienea Kiamunyi yote. Akina mama wa kanisa walikuja na unga na sukari, wakajaa sebuleni. Waliomba kwa sauti, na mikono yao yote ilikuwa kichwani kwa Muchiri. "Baba, mkumbuke kijana huyu anayetoa kiungo chake." Mimi nilikuwa pembeni kwenye stuli na mpira wangu shingoni, nimeshika trei ya chai ambayo siwezi kukunywa. Mama mmoja alipomaliza kuomba alinipa kikombe kitupu bila kuniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nadungwa. Yeye ndiye aliyekuwa anaombewa.

Walipoondoka nilimwambia Muchiri. Ilikuwa mara ya kwanza nimwambie kilicho moyoni.

"Sitaki figo yako."

"Unataka ya nani? Ya Shosho?"

"Nimesema sitaki."

"Karanja, usianze ujinga. Utakufa."

"Nitaitembeza figo yako ndani yangu maisha yote. Kila nikienda choo, watu watasema asante Muchiri."

Aliweka chini kikombe alichokuwa ameshika. Nilidhani nimemuumiza hatimaye, na nilisikia raha kidogo, nisikudanganye. Kisha akakaa chini kwenye zulia, akashika kichwa.

"Unajua mimi nilianza jim kwa sababu gani?" akasema. "Mjengoni ulikuwa unapanda na karai bila kushika ngazi. Nikawa natafuta njia ya kuwa hivyo. Mpaka leo nashika ngazi, na wewe hujawahi kuona. Na nikienda Kabazi si ati mimi ni mjanja. Siwezi kuendelea vile unaendelea. Nachoka."

Mtu ambaye nimemwonea wivu tangu nijue kuongea alikuwa amekaa chini akinionea wivu, na mwili aliouonea wivu haukuwepo tena. Ulikuwa umeishia kwenye choo chetu, umekuwa mweusi.

"Sasa unamwagilia slabu," nikasema mwishowe, kwa sababu nilitaka aache kuinama.

"Namwagilia. Forman hataki mtu aikanyage kwa wiki nzima. Anasema ikiachwa hivyo ndiyo inashika." Akainua macho. "Hukumbuki hiyo sehemu, wewe. Wewe unakumbuka tu ya kubeba."

Mvua zilikaribia kuisha. Kila Jumanne na Ijumaa niliangalia mawingu juu ya mlima Menengai nikiyaomba yabaki. Nilikuwa nimebadilika kwa jambo moja tu. Bado sikuitaka figo yake, lakini sasa ni kwa sababu nilitaka abaki nayo.

Ilitokea asubuhi moja ya Juni yenye ukungu, nikiwa nimesimama chooni kwa mazoea tu, vile mtu anaenda kuangalia mlango wa duka lililofungwa. Nilisikia moto kidogo, kisha yakatoka matone. Nikaogopa kupumua. Kisha kidogo tena, kijiko hivi, na rangi yake ilikuwa ya strungi hafifu, ile chai isiyo na maziwa. Nilichukua chupa ya soda na kuyakinga yale ya mwisho.

Mama alikuwa jikoni, ilikuwa haki yake kuona kwanza. Lakini nilipita jikoni, nikaenda mpaka kitanda cha Muchiri, nikamwamsha na chupa mkononi.

"Nini hiyo?"

"Yangu."

Akaketi. Akaishika ile chupa kwenye mwanga wa dirisha, mkojo wa mtu mwingine, kama anashika yai. Kisha uso wake ukakunjamana akaanza kulia, na katikati ya kulia akapiga tumbo lake kwa kiganja.

"Sasa huu unene wote nimenenepa bure?"

Mama alikuja mbio akidhani kumeharibika. Alipoona chupa alikaa chini mlangoni na mwiko wake.

Haikuisha siku hiyo. Niliendelea na mashine mpaka mahindi yakakomaa Kabazi, mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, halafu wakautoa ule mpira na kuniachia kovu. Siku ya mwisho Mzee Kiplagat aliniambia nisirudi hata kumsalimia, na alikuwa anacheka, lakini nilijua vile anaangalia mgongo wangu nikitoka. Mimi nimewahi kuangalia migongo hivyo.

Kahawa ya Shosho iko palepale nyuma ya mlango. Aliponiona nimepona alisema, "Sasa umeona kwa nini sisi tunauza?"

Daktari ameniruhusu kurudi jim, lakini mikebe midogo, maji mengi, na wiki ya kupumzika mapema kuliko watu wote. Jumamosi iliyopita ilikuwa ndani ya wiki yangu. Nilikaa kwenye tofali na chupa yangu ya maji, nikimwangalia Muchiri akichuchumaa na ule mzigo, ule ule wa Jumamosi ile. Aliinuka nao. Vijana wakapiga kelele, na Kocha akapiga bati kwa ngumi. Wivu ukaja, kama kawaida yake, ukakaa karibu nami kwenye tofali. Nilipiga makofi hivyo hivyo, na ukweli ni kwamba nilipiga kwa nguvu.

Kisha maji niliyokunywa yakaniita. Nikatoka nyuma ya kibanda, kwenye ua wa michongoma, nikasimama. Yakashuka kwa nguvu, meupe, yakitoboa vumbi. Nilipiga mluzi.

"Karanja!" Muchiri aliita kutoka ndani. "Kuja unihesabie! Unamaliza lini huko?"

"Ngoja," nikasema. "Bado inatoka."